Barua Iliyokaa Kwenye Kopo la Medali

Mafiga, Morogoro
9 Machi 2025

Mjomba, shikamoo.

Natumaini mfungo unakwenda vizuri huko juu na kifua kimepungua kukusumbua. Sisi tupo. Zuleha ametimiza miezi mitano, ananyonya kama ana kisasi na mimi, kwa hiyo sifungi, nitalipa nikijaliwa. Hashimu ana miaka minne na anauliza mambo ambayo sina majibu yake. Baba yao bado yuko kiwandani, anakusalimu. Mimi ni vitumbua asubuhi, kufua nguo za watu mchana, na mgongo jioni.

Barua hii anakuletea Rosa, yule mama wa ndizi wa hapo kwenu. Nilimkuta sokoni akanieleza kwamba simu yako ilitumbukia mtoni, na hata akikuazima yake husikii, unajibu mambo mengine kabisa. Kasema, "Nilimuuliza habari za nyumbani akanitajia bei ya karafuu." Nimecheka mpaka mtoto akaamka. Basi tuandikiane kama zamani.

Kilichonifanya nishike kalamu ni Sufiani. Kaka yangu hajapiga simu tangu mwanzoni mwa Desemba. Wakala wa Dar aliyemtafutia meli alikuwa anapokea simu zangu, sasa hapokei. Unajua ile meli yao ya mizigo inapita kwenye bahari ambako watu wanapigana. Kama amekuandikia, au amemtuma mtu kwako, niambie. Hata kama amekwambia usiniambie.

Mpwa wako,
Mwanvita

*

Matombo
25 Machi 2025

Mama yangu Mwanvita,

Marahaba. Nakuita mama kwa kuwa jina ulilobeba ni la mama yangu mzazi, usije ukasema mzee amechanganyikiwa. Kifua kipo. Mvua zimeanza kwa fujo, barabara imekatika mara mbili, ndiyo maana Rosa amechelewa. Migomba minne imelala.

Kaka hajaniandikia. Ulivyosema hajapiga simu sikushtuka, mabaharia ndivyo walivyo. (Rosa alinicheka kumsikia mzee wa miaka sabini na tatu anamwita kijana kaka. Nikamwambia, mama, nyie mnarithi mashamba tu, sisi tunarithi na watu. Alipofariki kaka yangu mkubwa, Sufiani ndiye aliyelichukua jina lake, basi Sufiani ni kaka yangu, na kaka mtu humtaji kwa jina.)

Sasa sikiliza habari. Babu yenu Stambuli, yule mjomba wangu aliyekwenda na meli za vita za Mwingereza na kuzama mwaka arobaini na mbili, amekumbukwa! Unamkumbuka kijana aliyepita misheni mwaka juzi akiandika majina ya familia za waliopigana? Niliwaambia watu atarudisha majibu, wakanicheka. Mwezi wa pili mwanzoni barua imekuja kwenye sanduku la posta la misheni, ya Kizungu, na muhuri. Kizungu changu mimi ni cha kusoma magunia ya mbolea, nikampa Josephina, yule binti wa sekondari. Akasoma: baharia Stambuli, meli ilipigwa kwenye eneo la vita, mwili haukupatikana, wanatoa pole kwa familia. Mama, miaka themanini na tatu! Hata pole hatukuwahi kupewa.

Ijumaa ya kuvunja jungu nikachinja mbuzi. Nikafungua kopo, nikazitandika medali kwenye mkeka: ile nyota ya shaba na ile ya duara yenye kichwa cha mfalme, za babu, na ile ya Vita vya Kagera ya kaka yangu mkubwa, aliyekuwa kwenye boti za ziwani. Watoto wote wa kijiji wamezishika. Stefano, mtani wetu, akasimama na mfupa mkononi akasema, "Nyie watu wa ajabu. Mara ya kwanza amekufa mkatupa uji, mara ya pili ndiyo mnachinja! Akifa tena niiteni!" Watu walicheka wakashika mbavu.

Nadhani watatuma medali nyingine. Ukiwa na nafasi, uje na watoto uione.

Mjomba wako,
Mansuri

*

Mafiga
4 Aprili 2025

Mjomba, shikamoo, na Idi njema japo imepita.

Watoto wamepata nguo, za mtumba lakini nzuri. Zuleha ana homa kidogo, meno.

Mjomba, naomba unitumie hiyo barua. Sitaki unieleze ilivyosomwa, nataka karatasi yenyewe. Na kabla ya kuituma, nijibu haya. Imeandikwa na nani? Imetajwa tarehe gani meli ilipopigwa? Kuna umri wa huyo baharia? Mwombe Josephina asome tena mstari kwa mstari, asikimbize.

Rosa anaondoka Jumatatu. Namlipia sehemu ya mzigo wake ili arudi moja kwa moja, asikae Mkuyuni kungoja wateja.

Mwanvita

*

Matombo
2 Mei 2025

Mama yangu Mwanvita,

Salamu nyingi. Pole na homa ya mtoto. Huku kilima kimeteremka upande wa Gervas, kimechukua jiko lake na mbuzi wawili, watu wamesalimika. Nanasi mwaka huu ni dogo. Mdalasini unanunulika. Siku ya Idi sikushuka msikitini, miguu ilikuwa mizito.

Umeuliza mwaka. Sisi wazee hatushiki miaka. Josephina amerudi bweni, hayupo wa kusoma. Na barua iko ndani ya kopo pamoja na medali, na kopo hilo, unajua, halijawahi kuteremka mlima huu tangu alipolipokea marehemu mama yangu kutoka posta. Rosa nimempa mkungu wa mzuzu na chupa ya asali, mpe mtoto kwa ncha ya kidole.

Usihangaike sana na mambo ya zamani. Lea watoto.

Mansuri

*

Mafiga
6 Mei 2025

Mjomba, shikamoo.

Asali imefika. Nimekaa na barua yako siku mbili. Nimeisoma nikiwa nakanda unga, nimeisoma nikifua. Umeniandikia ndizi, nanasi, mdalasini na mbuzi wa Gervas. Nilichouliza hukujibu. Basi nitakiandika mimi, maana naona wewe hutaki.

Sufiani alipotaka pasipoti hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Wewe ndiye uliyemsimamia, ukaapa mbele ya ofisa. Ukaandikisha jina alilorithi kwa kaka yako, lilelile la babu, ukaongeza na lako kwa kuwa ndiye uliyemlea. Stambuli Mansuri. Kwenye pasipoti ile Sufiani hayupo kabisa. Na aliposaini meli akaulizwa waandikie nani likitokea la kutokea, akaandika sanduku la posta la misheni, kwa sababu mimi hapa Mafiga nahama nyumba kila mwaka.

Mjomba, watu waliokufa mwaka arobaini na mbili hawaandikiwi barua za pole mwezi wa pili mwaka huu, kwenye sanduku lilelile.

Sikuambii umechinja mbuzi kwa ajili ya nini. Unajua. Nadhani ulijua siku ya Idi, ndiyo maana miguu ikawa mizito.

Nitumie barua. Ukisema kopo haliteremki mlima, nitapanda mimi na mtoto mgongoni, na mvua hii.

Mwanvita

*

Matombo
15 Juni 2025

Mwanangu Mwanvita,

Rosa anakukabidhi bahasha. Ndani ndiyo yenyewe. Nimeizungushia nailoni isilowe.

Josephina amekuja likizo akanisomea tena. Safari hii polepole. Muhuri ni wa wakala wa meli. Meli ilipigwa tarehe kumi na nne Desemba. Waliokuwamo ni ishirini na wawili, waliookolewa kumi na saba. Umri wa baharia ni miaka thelathini na mmoja.

Nitakwambia jambo moja nililokuficha. Ule mwezi wa pili, Josephina alipofika kwenye tarehe, alisimama. Akaniuliza, "Babu, hapa wameandika mwaka jana, sasa inakuwaje?" Nikamwambia Wazungu huwa wanaandika tarehe waliyokaa kuandika. Soma mbele. Akasoma mbele, mtoto wa watu, mimi mkubwa wake nimemwambia. Na umri nilisikia. Nikahesabu, hata babu alikuwa kwenye thelathini hiyohiyo. Kila kitu kilikubali. Nilikuwa nimengoja barua ile tangu nikiwa na kaptula, mwanangu. Ilipokuja sikutaka iwe nyingine.

Nyama ile niliikata kwa mkono wangu. Mimi ndiye niliyewagawia.

Sasa kuna la kufanywa. Maiti hatuna, na hatutaipata. Kwa babu tulikaa miaka mitano hatuwezi kumaliza msiba, mpaka medali zilipokuja, zikalazwa mkekani mahali pa mwili, kisha kaka yangu alipozaliwa akawekewa jina. Bila mtu wa kulichukua jina, msiba haufungwi. Anayestahili ni mtoto wa dada yake. Dada yake ni wewe peke yako, na mtoto wa kiume ni Hashimu.

Mlete. Ni siku moja tu.

Mansuri

*

Mafiga
29 Juni 2025

Mjomba, shikamoo.

Barua nimeisoma. Baba Hashimu amenishikia mtoto nikaisoma nimekaa chini. Nimempata yule wakala kwa simu ya jirani, alipojua ni mimi akataka kukata. Nikamuuliza kama kuna kitu chochote kitaletwa, nguo, sanduku, hata kiatu. Akasema, "Dada, vitu vyake vilikuwa melini." Nikamuuliza kuna heshima yoyote ya waliokufa vitani, kama walivyopewa wale wa zamani. Akasema baharia wa meli ya mizigo hayuko vitani, yuko kazini. Ndivyo alivyosema. Basi hakuna cha kulaza mkekani.

Kuhusu Hashimu, hapana.

Nakuheshimu, umenilea baada ya mama kufa, umenipeleka shule mpaka darasa la saba kwa ndizi zako. Lakini mtoto simtoi. Hebu tazama na wewe. Stambuli wa kwanza alikwenda na bahari. Wa pili alirudi na medali kutoka ziwani, akaishi miaka thelathini hasemi na mtu, nakumbuka tulivyokuwa tunatumwa kumpelekea chakula tukikiweka mlangoni na kukimbia. Wa tatu ulimvisha medali zile shingoni akiwa na miaka kumi na sita, ukamwambia wewe ndiye Stambuli sasa. Alilala nazo. Mpaka wakati ule alikuwa anataka kuwa fundi seremala, Mjomba. Mto wa hapo kwenu ulikuwa unamfika magotini na hata kuogelea hakujua.

Sikusemi kwa ubaya. Ulimpa kitu kizuri kuliko vyote ulivyokuwa navyo. Hata hivyo, hapana.

Hashimu anaogopa maji ya ndoo. Mwache aogope.

Juzi ameniuliza mjomba wake anarudi lini. Nikamwambia harudi. Akauliza, "Kesho?" Nikamwambia hata kesho. Akaenda kucheza.

Mwanvita

*

Matombo
10 Agosti 2025

Mwanvita,

Salamu. Afya yangu ni hivyohivyo. Mvua zimekwisha, barabara imelimwa upya, ila Rosa alikuwa anaumwa.

Barua yako ya mwezi wa sita niliiweka chini ya mto wiki tatu. Nilitaka kukujibu kwa ukali, sikuona pa kuanzia. Kuhusu useremala sikujua. Hakuwahi kuniambia.

Wakubwa wa ukoo wameitana. Wamenibana: msiba unaoza, toa mtoto. Nikawaambia mtoto hayupo. Wakasema kamchukue, ni haki ya ukoo, baba yake hana kauli. Hapo ni kweli, kwa mila hana. Nikawaambia mama yake anayo, na amesema hapana.

Basi nimelichukua mimi.

Walikataa. Haijapata kutokea mkubwa akarithi kwa mdogo, aliyezaliwa mikononi mwake. Stefano akasema mzee leo anarithi kwa mpwa, kesho ataomba kubebwa mgongoni. Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe hakucheka. Nikawaambia mimi sina dada aliye hai, na wewe umekataa, kwa hiyo jina likija kwangu nitakufa nalo na habari itaishia hapo. Wakakubali. Nadhani na wao wamechoka.

Ijumaa iliyopita wamenikalisha mkekani, wakanifunika kaniki, wakaniita mara tatu, nikaitika. Hitma imesomwa. Nilifungua kopo ili nizivae zile medali kama ilivyo desturi, nikashindwa. Nimezirudisha.

Msiba umefungwa. Kwa desturi, mimi sasa ndiye kaka yako.

Stambuli

*

Mafiga
24 Agosti 2025

Kaka Stambuli, shikamoo.

Nimeliandika mara moja, sijui kama nitaweza tena.

Asante kwa ulichofanya. Najua ni kikubwa. Baba Hashimu aliposoma akasema huyo mzee ni mwanaume. Zuleha anasimama kwa kushika kiti. Hashimu ameanza chekechea, analia getini, ananiita mpaka nipinde kona.

Nina neno ambalo sijamwambia mtu, na nimeliandika mara nyingi nikachana. Sasa kwa kuwa umekaa mahali pake, wewe ndiye pekee ninayeweza kumpelekea.

Mara ya mwisho Sufiani alipopiga simu, walikuwa bandarini. Alisema wenzake watatu wameshuka, wamekataa kuendelea, wamesema mbele kunapigwa. Akaniuliza, "Mwanvita, nishuke?" Aliniuliza hivyohivyo, kama mtu anayeuliza achukue mwavuli. Zuleha alikuwa na wiki nane, hakuwa amelala tangu alfajiri, wala mimi. Nikamwambia, "Vumilia bwana, imebaki miezi miwili. Ukishuka sasa hawakuchukui tena." Akasema, "Sawa, mama." Alikuwa anataka kuongeza neno, nikasikia anavuta pumzi. Mtoto akalia. Nikakata mimi.

Nimekulaumu wewe kwa medali na hadithi zako, na ni kweli una lako. Lakini wewe ulimpandisha meli akiwa kijana. Siku ambayo angeshuka, aliniuliza mimi.

Naomba radhi. Simwombi Mjomba. Namwomba yeye, na wewe ndiye unayeitika jina lake. Nijibu kama yeye.

Mdogo wako,
Mwanvita

*

Matombo
12 Oktoba 2025

Mdogo wangu Mwanvita,

Barua yako ilinifikia mwezi wa nane haujaisha. Rosa amepita hapa mara nne akiuliza kama kuna ya kurudisha, mara nne nimemwambia bado. Usidhani nilikuwa nimekukasirikia.

Nilijaribu. Nilikaa kibarazani nikasema, mimi ndiye Stambuli, dada yangu ananiomba radhi, ninamjibu nini. Nikangoja. Wazee waliotufundisha mila hii walisema anayepokea jina hupokea na moyo wa mwenyewe, akanena yale ambayo marehemu angenena. Niliamini hivyo maisha yangu yote. Nilipomvisha yeye niliamini ni kaka yangu amerudi, ndiyo maana hata siku moja sikumuuliza Sufiani anataka nini.

Sikusikia chochote. Jina nimelipata, yeye hakuja nalo.

Ningeweza kukuandikia kwamba amekusamehe. Rosa asingejua, na wewe ungelala. Lakini barua moja niliisoma nilivyotaka iwe, na sitakuandikia ya pili ya namna ile. Alichotaka kuongeza alipovuta pumzi sikijui. Hutakijua na wewe.

Nami nilikuwa na langu. Tangu mwezi wa sita nilitaka nimwombe radhi kwa Ijumaa ile, kwa nyama ile, kwa kicheko kile. Nilikuwa najipanga, nikasema msiba ukifungwa nitakwenda kwa aliyelichukua jina nipige magoti, ndivyo inavyofanywa. Sasa wa kupigiwa magoti ni mimi. Nimekaa na jina lake nyumba moja na hatuna la kuambiana.

Usije mwezi huu, vuli imeanza na njia inateleza. Watoto uwasalimu.

Stambuli